Barua ya wazi kwa waandaaji wa warsha za kitaaluma: mgeni anafikaje ukumbini?

Kwa: Wenyeviti wa Kamati za Maandalizi, Ofisi za Mikutano za Vyuo Vikuu na Taasisi za Utafiti, pamoja na Wafadhili wa Warsha

YAH: USAFIRI WA WASHIRIKI KUFIKA NA KUZUNGUKA MJI WA WARSHA

Waheshimiwa,

Salaam, na heshima kwa kazi mnayoifanya. Tunajua kwamba wengi wenu mnaandaa warsha juu ya majukumu yenu ya kufundisha, bila malipo, na kwamba mada zikiwa nzuri hakuna anayekumbuka nani alikesha akipanga ratiba. Barua hii haigusi mada wala ratiba. Inahusu njia ya kufika.

Tunaandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imefika ukingoni. Fomu za tathmini mnazotugawia siku ya mwisho tumezijaza, na nafasi ya maoni mengine tumeiandika mpaka pembezoni. Makatibu wenu tumewatumia barua pepe. Majibu ni yale yale: mmepokea, mtalifanyia kazi. Warsha inayofuata ikitangazwa, maelezo ya usafiri yanabaki mistari mitatu: jina la uwanja wa ndege, sentensi kwamba teksi zinapatikana kwa urahisi, na picha ya ramani iliyofifia.

Hoja yetu ni moja. Ujuzi wa mji uko kwa mwenyeji. Saa mbili za mtu mmoja anayeujua mji zinaokoa saa mbili za kila mmoja wa washiriki themanini wasioujua, na jibu lake litakuwa sahihi wakati wao wangebahatisha. Mkiwaachia wageni wajitafutie, kazi haijapungua hata kidogo. Imezidishwa mara themanini na kukabidhiwa wasioiweza.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Barua ya mwaliko huchelewa, na ikija ina mapengo

Kwa anayehitaji viza, safari huanza siku mnapotoa barua ya mwaliko. Chukueni mfano wa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi hupokelewa si mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini kanuni zinaruhusu kuuvuta hadi siku 45. Juu ya hapo kuna kusubiri miadi ya kupeleka fomu na kuchukuliwa alama za vidole. Kwa Marekani, katika baadhi ya balozi miadi ya usaili husubiriwa kwa miezi. Na wapo wanaotoka nchi ambako ubalozi husika haupo kabisa. Hao hulazimika kupanda ndege kwenda nchi nyingine kuomba ruhusa ya kupanda ndege ya pili.

Sasa tazameni kalenda zenu. Mada zilizokubaliwa mnazitangaza wiki sita kabla ya warsha, na barua mnaitoa wiki moja baadaye, baada ya mshiriki kulipa ada ya usajili. Zinabaki siku 35. Ubalozi peke yake unaruhusiwa 45.

Barua zenyewe nazo zina kasoro zinazojirudia. Jina huandikwa kama lilivyo kwenye mada badala ya lilivyo kwenye pasipoti. Namba ya pasipoti haipo. Imeandikwa tu kwamba gharama zitalipwa, bila kutaja zipi na mlipaji nani, ilhali afisa wa viza anataka kujua tiketi ni ya nani, malazi ni ya nani na chakula ni cha nani. Kosa baya kuliko yote liko kwenye tarehe. Warsha ni tarehe 10 hadi 12, na barua inataja tarehe 10 hadi 12 basi. Mshiriki anapewa viza ya siku tatu hizo hizo, wakati ndege yake inatua tarehe 9 na kuondoka tarehe 13. Andikeni tarehe za warsha na tarehe za kukaa nchini, kila moja kwa mstari wake, mkiongeza siku moja mbele na moja nyuma kwa ajili ya ndege kuchelewa.

Barua inayofaa haizidi ukurasa mmoja: jina kamili kama pasipoti ilivyo, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, jina la warsha na anwani ya ukumbi, tarehe hizo za aina mbili, jedwali dogo la nani analipa nini, anwani ya malazi, sahihi, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea siku za kazi. Hilo la simu msilichukulie kwa wepesi. Afisa akipiga kuhakiki na simu ikalia mpaka ikakata, gharama ya ukimya huo anailipa mshiriki.

Waambieni pia mambo ambayo wenyeji huyaona madogo. Kwa Schengen, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000. Nchi nyingine nyingi hudai pasipoti yenye miezi 6 mbele. Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kikishaanza ni cha maisha yote. Siku kumi hizo ndizo zinazowanasa watu: anayechanjwa wiki ya safari anafika mpakani na cheti ambacho hakijaanza. Kuna nchi zinazokidai hata kwa abiria aliyepita tu kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, akikaa zaidi ya saa 12. Mwenyeji anayajua masharti ya nchi yake, au anaweza kuyauliza wizara ya afya kwa simu moja.

2. Tiketi hununuliwa bila kutazama pasipoti ya abiria

Mnaponunua tiketi kupitia wakala wenu, tunashukuru. Lakini wakala hutafuta bei ya chini, na bei ya chini hupenda kupita njia ndefu. Kila nchi inayopitiwa ina masharti yake. Marekani haina eneo la kupita bila kuingia nchini: abiria anayebadilisha ndege hapo, hata kwa saa mbili, hupita uhamiaji na lazima awe na viza au kibali. Uingereza na nchi za Schengen zinadai viza ya kupita uwanjani kwa raia wa baadhi ya nchi, hata asipotoka nje ya jengo. Abiria asipokuwa nayo hazuiwi kule njiani. Anazuiwa kaunta ya kwanza kabisa, nyumbani kwao, na tiketi ikishapita muda mara nyingi haina marejesho. Kabla ya kulipa, mtumieni mshiriki njia nzima mkimuuliza kama anaruhusiwa kupita kila kituo.

Kuna pia tiketi mbili zilizounganishwa kwa mkono. Ikiwa safari nzima iko kwenye tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika lina wajibu wa kumpeleka abiria kwa ndege nyingine. Zikiwa tiketi mbili tofauti, ya pili inapotea na hakuna wa kulaumiwa. Mara nyingi pia abiria hulazimika kutoka nje, kuchukua begi na kulipeleka upya, jambo linalodai viza ya nchi hiyo. Kilichookolewa kwenye nauli kinaliwa na usiku mmoja wa hoteli.

Halafu uwanja wenyewe. "Ruka mpaka Tokyo" si maelekezo: Haneda iko takriban kilomita 15 kutoka katikati ya mji, Narita takriban 60. Istanbul ina uwanja mmoja upande wa Ulaya na mwingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia, na kati yao kuna mlangobahari na msongamano wa magari. Beauvais hutangazwa kama Paris ingawa iko kilomita 80 hivi kaskazini yake, na Frankfurt-Hahn iko umbali wa kilomita 120 hivi na Frankfurt. Aliyepata tiketi rahisi ya kutua Hahn usiku hajapata chochote. Tajeni uwanja kwa herufi zake tatu, mseme upi unafaa, upi uepukwe na kwa nini. Herufi hizo zinasaidia pia miji yenye majina mapacha: SJC ni San Jose ya California, SJO ni San José ya Costa Rica.

3. Mapokezi ya usiku wa manane

Orodha za kupokea wageni huharibika mahali pamoja: saa za usiku. Ndege inayotua 00:15 tarehe 14 inapokelewa usiku wa kuamkia tarehe 14, yaani dereva anaondoka mjini tarehe 13 jioni. Mwandishi wa orodha anaandika "tarehe 14 usiku", dereva anakwenda siku nzima baadaye, na mgeni ameshaondoka na teksi ya kwanza iliyomvuta begi. Andikeni saa kwa mtindo wa saa 24, taja siku ya wiki pembeni ya tarehe, na mwezi uandikwe kwa jina. 04/05 ni tarehe 4 Mei kwa wengi wetu na ni Aprili 5 kwa Mmarekani.

Mtakaofanya warsha mwishoni mwa Machi au Oktoba barani Ulaya, kumbukeni kwamba saa husogezwa Jumapili ya mwisho ya miezi hiyo. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Warsha inayoanza Jumatatu ikiangukia hapo, wageni nusu watafika ukumbini kwa saa ya jana.

Dereva apewe namba ya ndege, si saa peke yake. Kwa namba hiyo ataona kama imechelewa. Mgeni apewe jina la dereva, namba ya gari, na mahali hasa pa kukutana: mlango upi, jengo lipi la abiria, upande wa waliowasili au nje kwenye nguzo fulani. Kutoka kutua hadi kutokeza mlangoni kwa safari ya kimataifa hesabuni saa moja, na saa moja na nusu ikiwa ndege kubwa kadhaa zimetua pamoja. Dereva anayeondoka baada ya dakika 40 hajamngoja mtu.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Akisimama nje ya uwanja saa saba usiku na begi mbili na simu isiyo na mtandao, kila mtu anamwona, wakiwemo wale ambao hangependa wamwone. Kwa hiyo hata msipotuma gari, andikeni: kaunta rasmi ya teksi iko wapi, rangi na alama ya teksi halali, nauli ya kawaida ni kati ya ngapi na ngapi, inalipwa kwa pesa taslimu au kadi. Kama mji unatumia programu za simu za kuita gari, semeni zipi, na onyeni kwamba nyingine hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Ndiyo maana mgeni anatakiwa kujisajili akiwa bado kwao, laini yake ikiwa inafanya kazi.

4. Anwani isiyofika mlangoni

Jina la chuo si anwani. Chuo kina kampasi nne, kampasi ina mageti matatu, na geti lililo karibu na kituo cha basi hufungwa saa kumi na mbili jioni. Alama ya ramani ya simu mara nyingi huangukia katikati ya eneo zima, pengine kwenye uwanja wa mpira. Chukueni simu, nendeni mkasimame mbele ya mlango wa ukumbi, mnakili majira ya mahali hapo, yaani namba za latitudo na longitudo. Tarakimu tano baada ya nukta ya desimali zinatosha. Zinaonyesha mahali kwa usahihi wa mita moja hivi. Kazi hiyo ni ya dakika tano na haihitaji kamati ndogo.

Ongezeni picha ya mlango kama unavyoonekana kutoka barabarani, jina la jengo kama linavyoandikwa kwenye jengo lenyewe (mara nyingi si lile lililo kwenye programu), ghorofa, na namba ya chumba. Mji ukitumia maandishi mengine, wekeni anwani kwa maandishi hayo kwa herufi kubwa, mgeni amwonyeshe dereva. Dereva wa Beijing hasaidiwi na anwani ya herufi za Kilatini, na Tokyo anwani nyingi hufuata vitalu na namba za nyumba, si majina ya mitaa. Uchina, huduma za Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida, kwa hiyo kiungo cha ramani yake mlichoweka kinakufa pale pale mgeni anapotua. Ramani wekeni kwenye faili linaloweza kupakuliwa na kusomwa bila mtandao, na mlichapishe. Karatasi haiishiwi chaji.

5. Asubuhi na jioni mjini

Hapa ndipo warsha nyingi zinapopoteza saa ya kwanza kila siku, na hapa tutakaa kidogo.

Mnaweka wageni kwenye hoteli mbali na ukumbi, mnakodi basi dogo la viti 25, mnatangaza kwamba usafiri upo. Washiriki ni 70. Basi linahitaji mizunguko mitatu. Kwenda ni dakika 20, kurudi ni dakika 20. Kundi la kwanza likiondoka saa 1:30 asubuhi, la pili linaondoka saa 2:10 na la tatu saa 2:50, linafika saa 3:10. Warsha imefunguliwa saa 2:30. Karibu theluthi ya ukumbi imekosa ufunguzi, na mwenyekiti anasema washiriki hawajali muda. Hesabu hiyo inafanyika nyuma ya bahasha kabla ya kusaini mkataba wa basi. Mabasi matatu yanayoondoka mara moja mara nyingi yanashinda basi moja linalozunguka, na hoteli iliyo umbali wa kutembea inayashinda yote mawili.

Kuhusu kutembea, semeni ukweli. Mtu mzima mwenye begi la kompyuta hutumia dakika 12 hadi 15 kwa kilomita moja. "Mwendo mfupi" wa kilomita mbili na nusu ni zaidi ya nusu saa, ukiongeza taa za kuvukia barabara, na kwenye jua kali au theluji si mwendo mfupi hata kidogo. Semeni kama njia ina kando ya kupita wanaotembea kwa miguu, kama ina mwanga usiku, kama kuna kilima.

Usafiri wa umma kila mji una mtego wake, na mtego huo wenyeji wamesahau kwamba upo. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Mgeni asiye na kadi ya benki ya kugusisha anashangaa mlangoni. Budapest, tiketi ya karatasi ni lazima igongwe kwenye mashine, na aliyeinunua bila kuigonga hutozwa faini sawa na asiye na tiketi. Kinyume chake, Luxembourg usafiri wa umma ni bure nchi nzima tangu 2020, na Basel mgeni wa hoteli hupewa kadi ya kupanda mabasi na tramu bila kulipa. Washiriki hununua tiketi za wiki nzima kwenye miji ya namna hiyo kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Tunachotaka kuona kwa kila njia ni mambo machache: namba ya basi au rangi ya treni, jina la kituo cha kupandia na cha kushukia, upande wa barabara au jina la kituo cha mwisho (hapo ndipo watu hupanda gari linaloelekea kinyume), gari huja kila baada ya dakika ngapi, la mwisho ni saa ngapi, tiketi inanunuliwa wapi na kwa njia gani. Ratiba ya Jumapili na sikukuu itajwe peke yake. Wageni wengi hufika Jumapili jioni kwa warsha ya Jumatatu, yaani siku ile ile ambayo magari ni machache.

Halafu kuna chakula cha jioni cha warsha. Mnatupeleka kwa basi, mnatulisha vizuri, hotuba zinaendelea hadi saa nne na nusu usiku, kisha basi halipo. Waliobaki ni wageni wasiojua mji, na wanawake waliosafiri peke yao ndio wanaolazimika kufikiri mara mbili. Usafiri wa kurudi upangwe kabla ya menyu.

Siku ya mwisho pia ina jambo lake. Kikao cha kufunga kikiisha saa kumi na moja na nusu jioni, wenye ndege za jioni watakuwa wameondoka mchana, na mtoa mada wa mwisho atazungumza na viti. Funga saa sita mchana, au tangazeni mapema kwamba usiku wa ziada mnaulipa. Na kabla ya kuchagua wiki, angalieni kalenda ya mji: anayeweka warsha Frankfurt wiki ya maonyesho ya vitabu ya Oktoba asishangae hoteli zikijaa.

Neno moja kuhusu mabango ya utafiti. Bango la A0 ni milimita 841 kwa 1,189. Likiviringishwa, bomba lake halipungui sentimita 84, wakati mizigo ya mkononi mashirika mengi huishia sentimita 55 au 56. Ruhusuni mabango ya kitambaa, ambayo hukunjwa ndani ya begi, au tajeni duka la uchapishaji lililo karibu na ukumbi na siku ngapi kabla faili litumwe.

6. Mwenye ulemavu anaulizwa akiwa ameshafika

Fomu ya usajili inauliza kama mtu hali nyama, lakini haiulizi kama anapanda ngazi. Ulizeni zote mbili. Kisha kagueni njia nzima, kutoka kitanda hadi kiti cha ukumbini, kwa sababu kizingiti kimoja huiharibu yote. Lifti ya kituo cha treni inafanya kazi? Milango ina upana usiopungua sentimita 80? Njia ya mteremko haizidi mwinuko wa 1 kwa 12, yaani mita 12 za mteremko kwa kila mita moja ya kupanda? Basi mlilokodi lina lifti ya kiti cha magurudumu, au mnategemea vijana wawili wambebe profesa? Choo kipo ghorofa ile ile? Kwa safari za ndege za Ulaya, msaada uwanjani huombwa angalau saa 48 kabla; mshiriki akumbushwe wakati wa kukata tiketi. Na jukwaa lisisahauliwe: tumeshaona kumbi zenye njia nzuri ya kuingilia wasikilizaji na ngazi nne za kumfikisha mzungumzaji.

7. "Lipa kwanza, utarudishiwa"

Mwanafunzi wa uzamivu analipa viza, bima, tiketi na hoteli kutoka mfukoni, kisha anasubiri miezi. Kwa wenye mishahara ni usumbufu. Kwa wengine ni kizuizi, na huwa hawaandiki kulalamika. Wanajibu tu kwamba hawataweza kuja, nanyi mnaandika kwenye ripoti kwamba walijiondoa.

Tiketi na malazi lipeni moja kwa moja. Fedha za njiani zitolewe siku ya usajili kwa kiwango kimoja kinachojulikana, kwa sababu mabasi mengi ya mjini hayatoi risiti na kudai risiti hizo ni kuwafundisha watu kuzitunga. Kwa yatakayobaki kurejeshwa, semeni kabla ya safari: stakabadhi gani zinatakiwa, kama pasi ya kupandia ndege iliyo kwenye simu inakubalika (nyingine hutoweka baada ya safari), kiwango cha kubadilishia fedha ni cha siku gani. Mnapotuma kwa benki kimataifa, chagueni mtumaji abebe makato yote, msimbo OUR. Mkichagua makato yagawanywe, benki za kati hukata njiani, na kiasi kinachofika ni pungufu ya kile mlichoandika kwenye vitabu. Na ada ya viza hairudi hata viza ikikataliwa. Anayemwalika mtu ndiye anayepaswa kuibeba hasara hiyo.

Majibu tuliyokwisha kuyasikia

Mtasema kila kitu kipo kwenye intaneti. Kipo, pamoja na ratiba ya miaka mitatu iliyopita na kituo kilichofungwa. Anayeishi mjini anatofautisha kwa kutazama tu.

Mtasema taarifa hubadilika. Ndiyo sababu ukurasa unahitaji tarehe ya mwisho kuhakikiwa na jina la cheo cha aliyeuhakiki. Uhakikiwe mara mbili: siku ya kufungua usajili na wiki moja kabla ya warsha. Mgomo au ukarabati wa reli ukitokea baadaye, ujumbe mmoja kwa washiriki wote unatosha.

Mtasema hakuna bajeti. Mengi ya tuliyoandika hapa hayagharimu pesa: tarehe sahihi kwenye barua, majira ya mlango, saa ya basi la mwisho. Yanayogharimu, kama basi la pili au kulipa tiketi mapema, yanaweza kupunguzwa kwenye mikoba yenye nembo, ambayo hatujawahi kuidai.

Mtasema mfadhili haruhusu malipo ya mapema. Hili linaweza kuwa kweli, na ndiyo maana wafadhili tumewaandikia pia. Waheshimiwa wafadhili, kanuni ya kurejesha fedha baada ya safari inachuja washiriki kwa kipato. Kama hilo silo lengo lenu, ibadilisheni.

Na mtasema washiriki ni watu wazima. Ni kweli. Watu wazima wakipewa maelezo sahihi hufika wenyewe.

Tunachoomba

a) Maelezo kamili ya usafiri yawekwe siku ile ile usajili unapofunguliwa, kabla mtu hajalipa ada.

b) Barua za mwaliko zitolewe ndani ya siku 5 za kazi tangu ombi, bila sharti la kulipa kwanza, na matokeo ya mada yatangazwe angalau wiki 14 kabla ya warsha kwa wanaohitaji viza.

c) Kila warsha iwe na mtu mmoja wa usafiri, mwenye namba ya simu inayopokelewa mchana na usiku tangu siku mbili kabla ya ufunguzi hadi siku moja baada ya kufunga. Msimpe kazi nyingine siku hizo.

d) Hakuna tiketi itakayonunuliwa kabla mshiriki hajaithibitisha njia kwa maandishi.

e) Mtu asiyeujua mji, hata mwanafunzi mgeni wa chuo chenu, apewe maelezo yenu na aambiwe afike ukumbini kutoka uwanja wa ndege bila kumuuliza mtu. Palipomkwamisha pasahihishwe.

f) Fomu ya tathmini iwe na sehemu ya usafiri peke yake, na majibu yake yachapishwe pamoja na hatua mlizochukua.

Wafadhili tunawaomba waingize (a) hadi (d) kwenye masharti ya ruzuku, kama wanavyoingiza masharti ya ripoti za fedha.

Tunasubiri jibu la maandishi kutoka kwa kila kamati itakayosoma barua hii, kabla haijafungua usajili wa warsha yake ijayo. Kamati itakayotaka rasimu ya ukurasa wa usafiri kwa ajili ya mji wake tuko tayari kuipitia, mstari kwa mstari, bila malipo.

Wenu katika taaluma,

Washiriki wa warsha